Jaji wa Kadi Mbele ya Mama Mkwe

Jaji hakusomea sheria. Mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu, kwenda kurekebisha printa ya karani, na hata siku hiyo alifanya kazi huku akiuangalia mlango, akiogopa asije akatajwa kuwa shahidi. Jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu ya namna anavyouza, naye alilipokea bila kuona haya hata kidogo, kana kwamba lilikuwa limechelewa kufika.

Duka lake lipo ghorofa ya kwanza katika jengo refu la maduka ya vifaa vya umeme, mlango unaotazamana na choo cha wanaume. Ni chumba chembamba. Wateja wawili wenye miili yao wakikutana ndani, mmoja hana budi kutoka kinyumenyume. Anauza vifaa vya kompyuta za gemu, na kompyuta zenyewe anaziunda kwa mkono wake. Sasa, katika kompyuta ya gemu wakubwa ni wawili. Kuna prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri, na kuna kadi ya picha, ambayo ndiyo inayochora kila unachokiona, kuanzia barabara mpaka jasho kwenye paji la uso la mchezaji. Mteja akiingia na swali la kawaida kabisa, kwamba kati ya kadi hii na ile achukue ipi, muuzaji mwingine yeyote angemjibu, akafunga mzigo, akaenda kula. Jaji hufungua kesi.

Wala si mzaha. Kadi zote mbili zinapandishwa mezani, moja ikiitwa mlalamikaji na nyingine mshtakiwa. Anavaa miwani ambayo macho yake hayaihitaji. Anaipachika ya kwanza kwenye mashine yake ya majaribio, anawasha gemu zito, kisha anaikodolea macho ile namba ndogo pembeni ya kioo inayoonyesha ni picha ngapi zinachorwa kwa kila sekunde, maana namba hiyo ikiwa kubwa gemu linateleza, na ikiwa ndogo linakwamakwama. Anafanya hivyohivyo kwa ya pili. Wauza simu wa jirani huitwa kuwa mashahidi. Mwisho husimama, hugonga meza kwa mpini wa bisibisi, na kutoa hukumu yenye sababu kubwa, sababu ndogo, na maneno ya pole kwa upande ulioshindwa. Kuna watu walikuja kununua kipanya tu wakakaa mpaka duka likafungwa.

Hayo yote mtu angeweza kuyavumilia. Kasoro yake ilikuwa kwenye kucheka. Nyuma ya kompyuta yenye kadi ya picha, matundu ya kuchomekea waya wa picha yapo sehemu mbili. Juu kuna tundu la bodi kubwa, ile inayobeba vifaa vyote, nalo linategemea uchoraji mdogo ambao prosesa yenyewe inaweza kuufanya. Chini kuna matundu ya kadi. Ukichomeka waya juu, kadi yako ya maana inakaa bure, na prosesa, ambayo kuchora si kazi yake hasa, inahangaika peke yake. Ni kama kumwita fundi cherehani hodari nyumbani, halafu kitambaa ukampa dereva aliyemleta. Kosa hilo hufanywa na watu wengi, tena wenye akili zao. Lakini mteja akija kulalamika kwamba ameuziwa kadi mbovu, na Jaji akagundua kuwa waya ulikaa juu, basi alitoka mlangoni akayaita maduka yote ya ghorofa ile yaje yampigie mtu huyo makofi. Mkuu mmoja wa shule alipigiwa makofi hayo, akashuka ngazi ameinua kola ya koti kama anayekwepa mvua. Jaji alicheka wiki nzima.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa na mama mkwe asiyemwamini.

Mama mkwe mwenyewe, kabla ya kustaafu, aliendesha gari la wagonjwa, na mtaani wanamwita Mama King'ora. Ni mwanamke mrefu, si mtu wa maneno mengi, aliyezoea maisha yake yote kuuliza njia na kujibiwa kushoto au kulia, kwa kuwa nyuma yake alikuwa amelala mtu anayepigania roho yake. Jaji alipokwenda mara ya kwanza kujitambulisha ukweni, aliulizwa swali jepesi: binti yetu utamweka wapi, nyumba ya kupanga au ya kwenu? Akajibu kwamba inategemea. Kisha akaanza kulinganisha. Alieleza faida za hii na hasara za ile, akapima umbali wa bomba la maji, akafika mpaka kwenye aina za mabati, na chai ikapoa mikononi mwa wazee. Mama King'ora alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia binti yake akamwuliza, "Huyu huwa anajibu lini?"

Tangu siku hiyo neno la Jaji halikuwa na uzito katika nyumba ile. Akisema mvua inanyesha, mama mkwe alitoa mkono dirishani. Akisema mboga imezidi chumvi, kijiko kilipelekwa kwa mtu mwingine aonje. Watu wazima walikuwa wakiacha maduka yao kuja kusikiliza hukumu zake, lakini mtu mmoja ambaye alitamani amwamini, mama mzazi wa mke wake, hakumwamini hata kuhusu saa. Jambo hilo lilimuuma sana. Hakulisema, ila mke wake alilijua, kwa sababu kila walipotoka ukweni Jaji aliosha vyombo bila kuombwa, tena kwa kishindo.

Kilichomzidishia machungu ni mwanyumba wake. Mwanyumba huyo, yaani mume wa mdogo wa mke wake, anauza magodoro, ana sauti ya kubembeleza, na akizungumza unajikuta unatafuta pa kuegemea. Yeye alikuwa akiaminiwa. Aliwahi kumshauri mama mkwe ahamishe kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, na kitanda kikahamishwa siku ileile. Mambo ya kompyuta hayamhusu. Yeye ni mtu wa konsoli, ile mashine ya gemu unayoichomeka kwenye televisheni, ukashika padi mkononi, ukacheza. Akimsikia Jaji anaanza kueleza habari za prosesa, hupiga miayo kwa adabu, kiganja kikiwa mdomoni.

Basi Mama King'ora akastaafu. Kwanza alilala. Alipochoka kulala akapanga upya makabati. Makabati yalipokwisha akaanza kuwaendesha majirani. Kwenda naye sokoni kwa miguu kulikuwa ni kuamriwa shika kushoto, kata hapo, mpishe huyo. Binti zake wakaona mama atagombana na mtaa mzima. Siku moja akiwa kwa binti mdogo, mwanyumba akampa padi na kumfungulia gemu la mashindano ya magari. Inasemekana alipitwa na gari moja tu, jekundu, na hakukubali kuondoka mpaka alipolipita na yeye. Alirudi kwake akasema anataka kitu hicho, chake mwenyewe, sebuleni kwake.

Jaji aliposikia habari hizo aliacha chakula. Huo ulikuwa uwanja wake. Kama kulikuwa na jambo moja duniani ambalo mama mkwe angelazimika kumwuliza yeye na kuamini atakalosema, ni hili. Kwa kuwa kumpigia simu moja kwa moja aliona ni utovu wa adabu, akamwomba mke wake apige, amwambie mama asinunue chochote kabla ya kusikiliza pande zote mbili. Kompyuta yenye kadi nzuri, alidai, itaikimbiza konsoli yoyote mpaka iombe maji. Kumbe mwanyumba alikuwa kakaa palepale kwa mama mkwe, na akajibu kwa ile sauti yake ya godoro kwamba mama anataka kucheza, hataki kurudi shule. Maneno yakapita na kurudi kati ya madada wawili, wamegeuka wakalimani, mpaka Mama King'ora akachukua simu mwenyewe na kutoa amri. Jumapili mchana kila mkwe alete mashine yake, zishindane mbele yake, yeye ataona.

"Na hukumu nitaitoa mimi," Jaji akamwambia mke wake baada ya simu kukatwa.

Mke wake akamkumbusha kwamba yeye ni upande mmojawapo wa kesi. Jaji akasema hilo ni jambo dogo, jaji wa kweli hana ndugu. Akaenda dukani kuandaa. Aliichukua ile mashine yake ya majaribio, isiyo na ubavu mmoja ili vitu vya ndani vionekane, akapachika ndani yake kadi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Na hapa pana jambo la kufahamu. Katika kompyuta nyingi, ukiweka kadi, ule uchoraji mdogo wa prosesa hulala usingizi, na ukichomeka waya juu huoni kitu. Ya kwake aliiamuru isilale kamwe, kwa sababu kazi yake ni kulinganisha, na hupenda matundu yote yawe macho. Hakuwaza kuibadilisha. Kwa nini awaze? Yeye si mtu wa kukosea tundu.

Jumapili ikafika. Sebule ya Mama King'ora ni ndogo na safi, makochi yamevikwa vitambaa vyeupe, televisheni imewekwa kwenye meza fupi kwenye kona. Mwanyumba aliingia na konsoli yake kwapani kama gazeti. Alichomeka waya mmoja ukutani, mwingine kwenye televisheni, akaketi, akakunja nne. Jaji yeye aliingia kwa awamu. Kwanza iliingia kompyuta, kubwa kama friji ndogo, ikibebwa na yeye na mke wake. Halafu zikaja nyaya. Halafu kibodi, halafu taulo la kufutia vumbi. Mwanyumba akauliza kwa upole kama kuna lori lingine linakuja.

Meza ya televisheni haikuweza kuubeba mzigo ule, kwa hiyo kompyuta ilikaa sakafuni, mgongo wake kwenye ukuta. Ili kuchomeka waya wa picha, ilibidi mtu apige magoti, aingize kichwa chini ya meza na kuviacha viungo vingine sebuleni. Na nyuma ya pale, hatua moja hivi, alikuwa amekaa Mama King'ora katika kiti chake cha mbao, mgongo wima, mikono magotini, anatazama mbele.

Jaji aliinama kidogo. Akahisi suruali ya Jumapili inambana. Akakumbuka ni nani aliye nyuma yake, akanyooka haraka kama aliyechomwa sindano. Mwanamume hampi mama mkwe wake makalio. Hakuna anayefundishwa hilo. Mtu unalijua tu, kama unavyojua kutoingia msalani bila kubisha. Akajaribu kuingia kwa ubavu, kochi likamzuia. Akafikiria kumwomba mama mkwe asogee, lakini ombi linataka sababu, na sababu ndiyo ile isiyotamkika. Binti mdogo alikuwa jikoni, mke wake ameenda kumsaidia, na mwanyumba alikuwa akimtazama kwa hamu ya mtu aliyelipa kiingilio.

Kwa hiyo Jaji akageuka, akamkabili mama mkwe wake uso kwa uso, akatabasamu. Kisha akaanza kushuka taratibu huku mgongo ukiwa umenyooka, kama mtu anayekalia kigoda ambacho hakipo, mkono wa kulia ukiwa nyuma na waya. Alimwuliza hali ya magoti. Alimwuliza kuhusu majirani. Vidole vilikuwa vikipapasa huko nyuma, gizani, vikitafuta tundu, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, naye akiulizia habari za bomba la mtaani kama mgombea udiwani. Mama King'ora alijibu kila swali kwa neno moja, akimshangaa. Hatimaye waya ukaingia mahali. Televisheni ikawaka. Jaji akapanda juu tena, mapaja yakimtetemeka, akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Gemu lilikuwa lilelile kwa pande zote, na dereva alikuwa mmoja, Mama King'ora mwenyewe. Akaanza na konsoli. Gari likaenda vizuri, akapinda kona, akawapita watu, akafika wa pili, akasema si mbaya. Ikaja zamu ya kompyuta. Gari liliondoka, likasimama, likaruka mbele kama chura, likasimama tena. Miti ilitokea kandoni kama imetumwa na imechelewa. Ile namba ndogo ya pembeni ilikuwa ya aibu, Jaji hakuwahi kuiona hata kwenye kadi za mitumba. Mama King'ora aligonga ukuta, akagonga basi, akagonga watazamaji, akaweka padi chini.

Jaji alisingizia umeme. Akasingizia joto. Mteja yeyote angemletea kesi kama ile, jambo la kwanza angetazama nyuma ya kompyuta. Lakini hakutazama, maana wazo lenyewe halikumpitia kichwani, lilikuwa wazo la watu wengine. Mwanyumba akamwambia, kwa sauti ya kufariji kabisa, kwamba familia inasubiri hukumu.

Na jaji wa kweli hana ndugu. Jaji alisimama katikati ya sebule, akatamka kwamba mahakama imeona kwa macho, na konsoli imeshinda. Hakuongeza sababu hata moja. Mama King'ora akatikisa kichwa kukubali. "Sawa," akasema. "Nimekusikia." Akamwita binti mdogo, akamwagiza aulizie kesho konsoli inauzwa wapi.

Jaji akashusha mkono kuizima kompyuta, na vidole vyake vikagusa kadi kupitia ule ubavu ulio wazi. Ilikuwa ya baridi. Kadi iliyotoka kuchora mashindano mazima inatakiwa iwe na joto la pasi. Akaangalia feni zake, hazizunguki. Hakuhitaji kutazama nyuma. Waya ulikuwa juu.

Mtu mwingine angenyamaza, na Jaji alinyamaza kwanza, tena kwa dhati. Ameshindwa kwa heshima, hakuna aliyejua, na kesho angefungua duka lake akiwa Jaji yuleyule. Kilichomkaba ni lile "nimekusikia". Miaka yote hiyo mama mkwe hakuwahi kulichukua neno lake kama lilivyo. Leo amelichukua, la kwanza kabisa, na ni la uongo. Tena akilinyamazia, litabaki hivyo.

Akaona ajaribu njia ya mkato. Angemtoa mama mkwe sebuleni kidogo tu, ahamishe waya, halafu adai kesi ikatiwe rufaa. Akasema anasikia mtu anabisha hodi. Mama King'ora akasema hajasikia, kama yupo akamfungulie yeye mwenye masikio. Jaji akaenda, akafungua, akaitazama barabara tupu, akarudi. Akasema kuna harufu ya kitu kinaungua jikoni. Mwanyumba akajitolea kwenda kuangalia, akarudi na karanga. Akasema kutoka kule kwenye kochi televisheni inaonekana vizuri zaidi. Mama King'ora akasema yeye anaiona vizuri kutoka hapahapa, na kwa miaka yake yote barabarani hajawahi kuendesha akiwa kiti cha nyuma.

Maji yakamfika shingoni. Akamvuta mke wake pembeni akamnong'oneza. Mke wake aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Kisha akashika pazia, akajifunika nalo uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake akataka kujua kuna nini.

"Mama," akasema mke wa Jaji akijifuta machozi, "mwenzangu anasema hukumu ile si halali. Waya aliuchomeka siko, kadi haikufanya kazi kabisa. Anasema hakuweza kuinama kuangalia tundu kwa sababu... kwa sababu wewe ulikuwa umekaa nyuma yake."

Mwanyumba ndiye aliyeelewa kwanza, kwani hadithi za makofi ya kule dukani zilishafika mpaka kwenye magodoro. Akaweka bakuli la karanga mezani kwa uangalifu, akasimama, akaanza kupiga makofi, polepole, kama kwenye mahafali. Binti mdogo akatoka jikoni akampigia pia bila kujua ni ya nini. Jaji aliyapokea yote akiwa amesimama, macho chini, masikio yamemwaka moto. Akajua kwa mara ya kwanza kwamba makofi yale yana uchungu.

Mama King'ora hakupiga. Alisubiri mkwe wake mwingine achoke.

"Kwa hiyo uliponiambia konsoli imeshinda, hukuwa unajua," akasema.

"Sikuwa najua, mama. Nimejua baadaye."

"Na ungeweza kuninyamazia."

"Ningeweza," Jaji akasema.

Mama King'ora akasema yeye ameendesha gari la wagonjwa tangu huyu mkwe wake hajaanza kutambaa, na watu aliowabeba walilala kifudifudi, chali na ubavu, wengine bila nguo, na hakuna alichobakiza kukiona. Lakini adabu ni ya mwenye nayo, na yeye hawezi kumvua mtu adabu yake. Akainuka. Akakinyanyua kiti chake cha mbao, akakigeuza kuelekea ukutani, akakaa tena, mgongo kwa watu wote, pua karibu na kalenda.

"Haya," akasema akiwa amekabili ukuta. "Inama kwa amani."

Jaji akapiga magoti. Akaingiza kichwa chini ya meza, akauchomoa waya juu, akauingiza chini. Feni za kadi zikaanza kuvuma. Alikaa kule chini kidogo zaidi ya ilivyohitajika, maana machozi yalikuwa yakimlengalenga na hakutaka mwanyumba aone.

Safari hii gari liliteleza. Mvua ilinyesha kwenye kioo cha mbele tone kwa tone, taa za mji zikaakisiwa barabarani, na Mama King'ora akawa anapinda kona kwa mwili mzima, kiti kikilia. Alimaliza wa kwanza akiwa peke yake. Mwanyumba mwenyewe alisahau karanga mdomoni, akakiri kwamba kwa kweli hii ni habari nyingine. Kesi ilikuwa imekwisha, na kila mtu aliyekuwa pale aliweza kuihukumu.

Mama King'ora akaweka padi magotini. Hakumtazama mwanyumba wala binti zake. Akamwuliza Jaji, "Nichukue ipi?"

Jaji alikuwa na maneno ya saa nzima. Yalikuwa yamejipanga ulimini, prosesa na kadi na picha kwa sekunde, na kila moja lilikuwa la kweli, na yote yalikuwa upande wake. Akayatazama magoti ya mama mkwe wake, yaliyokanyaga klachi maisha yote na sasa humlazimu kushika ukuta anaposimama. Akaitazama ile kompyuta sakafuni, na kile kichaka cha nyaya nyuma yake. Siku waya ukilegea, nani atapiga magoti hapa?

"Konsoli, mama," akasema.

"Kwa nini?"

"Ina tundu moja."

Mama King'ora akasema basi, imekwisha. Hakumwuliza mtu mwingine. Aliyeumia kidogo ni mwanyumba, ambaye alikuwa ameshinda, lakini kwa njia isiyompa la kujisifia, na akatumia jioni iliyobaki akijaribu kueleza kwamba hata yeye alisema hivyohivyo.

Jumatatu, wauza simu walikuwa wamejipanga ngazini. Nani aliwaambia, haijulikani, ingawa mwanyumba ana simu yenye salio. Jaji alipita katikati ya makofi akiwa ameinua mkono kama kiongozi wa nchi ndogo, akafungua duka lake. Kesi bado anazifungua, kwa sababu mtu haachi kuwa alivyo. Ila siku hizi mteja akija na kadi yake "mbovu", na waya ukawa juu, Jaji hufunga mlango kwanza, huuhamisha waya kimyakimya, na kumwambia ilikuwa shida ya kawaida.

Shida mpya ni simu. Mama King'ora alianza na vitu vidogo: pasi hii au ile, mafuta haya au yale, atoke sasa au asubiri mvua ipite. Hataki maelezo, anataka kushoto au kulia. Juzi alipiga simu Jaji akiwa katikati ya kesi nzito, prosesa mbili mezani na duka limejaa. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, anaongea kama mtu mwenye pamba mdomoni. Daktari amesema jino linaweza kung'olewa au kuzibwa, achague. Jaji, ambaye kuhusu meno hajui lolote, akaomba apewe daktari. Alimhoji mpaka daktari yule akaanza kujibu kwa utaratibu kama shahidi, na mwisho akamwuliza kama mgonjwa angekuwa mama yake mzazi angefanyaje. Kisha simu ikarudi kwa mama mkwe.

"Lizibe, mama," Jaji akasema.

Mama King'ora hakukata simu mara moja, kwa hiyo Jaji alimsikia kule upande wa pili, kwa ile sauti ya pamba, akimgeukia daktari. "Ziba," alikuwa akisema. "Mkwe wangu ameshasema." Jaji akavua miwani yake, akaketi juu ya boksi la feni, na akawaomba wateja wamsamehe, kesi itaendelea baadaye kidogo.